Shingo ya Jogoo wa Mama Mkwe

Hebu mwone Wiston anavyofika kwa wakwe zake. Anakuja kinyumenyume. Mgongo umetangulia, uso unafuata, na baiskeli anaivuta kwa mkono mmoja kama mtu anayemtoa ng'ombe mkaidi zizini. Kwenye keria kuna dumu la rubisi, pombe ya ndizi, lililofungwa kwa mpira wa tyubu. Mbele, kwenye kikapu cha usukani, ametulia jogoo mkubwa mwenye mkia wa kifahari na kilemba chekundu, ila shingo yake iko uchi kama kidole gumba. Kofia ya Wiston nayo imechomekwa vitu vidogo vya manyoya, kumi na viwili kwa idadi. Ukimwona kwa mbali utadhani ni mganga aliyepotea njia.

Si mganga. Ni fundi baiskeli wa Nyakisasa, amekuja kumwomba mke wake arudi nyumbani.

Kuhusu kule kutembea kinyumenyume, usimcheke bado. Katika ukoo wa baba mkwe wake, Mzee Ndikuriyo, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Hakuna ugomvi hapo. Ni heshima, na heshima ya namna hiyo ina kazi nyingi kuliko ugomvi. Familia nyingi zimeiacha, siku hizi utaona kijana amemshika mama mkwe bega wanapigwa picha ya simu. Mama Genoveva hakuiacha. Kwa miaka sita ya ndoa ya binti yake, Wiston alimjua mama mkwe wake kwa mgongo, kwa kikohozi na kwa mlio wa kandambili. Hata picha ya harusi haikumsaidia, maana mpiga picha alimkata kichwa. Wakiwa na jambo la kuambiana, walilipitisha kwa kitu kilicho karibu. Mama angeuambia mlango, mlango ungekaa kimya kwa adabu, na Wiston angeujibu mlango.

Sasa, kosa lenyewe.

Chini ya kilima cha Nyakisasa kuna ziwa dogo, Kabingo, limezungukwa na matete, dogo kiasi kwamba mtoto wa shule hatalikuta kwenye ramani yake. Jioni moja Wiston alikuwa pale anaosha ringi za wateja, jua linaelekea kuzama, akaona maji yanatoa wadudu. Walikuwa wanapanda kutoka chini, wanapasua ngozi zao juu ya maji, wanasimama kidogo kukausha mabawa, halafu wanaruka. Mwili wao ulikuwa mwembamba, umepinda kama ukucha uliokatwa. Mabawa yalisimama wima kama viganja viwili vinavyosali, na nyuma kulikuwa na mikia mitatu mirefu kuliko mdudu mwenyewe. Wiston alimshika mmoja akamchunguza, akakuta hana mdomo wa kulia chakula. Huyu mdudu anakuja amevaa vizuri, hali, hanywi, na kesho hayupo. Akampa jina papo hapo. Akamwita mkwe.

Halafu akaona la pili. Samaki walikuwa wanapanda kuwala. Na si dagaa. Walikuwa kuyu, wale wenye magamba ya rangi ya shaba na midomo minene, samaki ambao wenye nyavu hawawapati kwa sababu wanakaa kwenye matete, na wenye minyoo hawawapati kwa sababu jioni ile hakuna kuyu anayetazama chini.

Hapo ndipo ugonjwa ulipomwingia. Akakata mwanzi mrefu, mwembamba. Akasokota uzi wa pamba mara tatu, akaupaka nta ya nyuki ili uwe mzito wa kurushwa na mwepesi wa kuelea, na mwishoni akaunga mshipi mwembamba wa nailoni. Akachukua ndoano ndogo kabisa akaanza kuivalisha nguo. Alijaribu nywele za mbuzi, zikazama. Alijaribu katani, samaki wakaipita kama mtu anavyopita duka lililofungwa. Wavuvi walimcheka. "Chambo ni cha kula, fundi," walimwambia. "Wewe unampa samaki kofia."

Mwishowe akagundua kwamba kinachotakiwa ni unyoya wa shingo ya jogoo, ule mwembamba wenye ncha, ambao ukiuzungusha kwenye ndoano husimama kama miguu ya mdudu juu ya maji. Na rangi iwe kijivu cha majivu chenye wekundu kidogo pembeni, kama mkwe mwenyewe. Akazunguka Nyakisasa yote, akaenda hadi gulio la Mugoma akitazama shingo za majogoo kama mchumba. Rangi ile ilikuwa kwa jogoo mmoja tu, na jogoo huyo alikuwa nyumbani kwake.

Alitolewa na Mama Genoveva siku ya ubatizo wa mjukuu wake, Suzan. Na jogoo wa mama mkwe kwa watu hawa ana sheria zake. Hauzwi, hachinjwi, mpaka mwenyewe aliyemtoa aje kutembea, amkute anatamba mlangoni, aone kwamba zawadi yake imeheshimiwa. Wiston alizijua sheria hizo kwa moyo. Hakumuuza. Hakumchinja. Hesabu yake ilikuwa kwamba unyoya si nyama.

Akaanza na unyoya mmoja kila Jumamosi. Halafu mawili. Jogoo alizoea hata akafika mahali akimwona Wiston na mkasi anainamisha shingo mwenyewe, kama mteja wa kinyozi.

"Mama akija utamwambia nini?" Adventina, mke wake, alimuuliza.

"Nitamwambia ni kuku wa kishingo."

"Alikuwa na manyoya alipomtoa."

"Mama yako hajaja miaka mitatu, Adventina. Hata akija, si haniangalii?"

"Wewe hakuangalii. Jogoo atamwangalia."

Mama Genoveva alikuja Jumapili baada ya misa, amejifunga kitenge kipya, bila taarifa, kama wanavyokuja wote. Wiston alikimbilia nyuma ya nyumba kwa adabu. Jogoo hakukimbia. Alitoka hadi getini, akasimama mbele ya mwenye zawadi, akawika. Na jogoo asiye na manyoya shingoni anapowika, kila mtu huona sauti inapopitia. Mama Genoveva alimtazama mpaka akamaliza. Kisha akageuka, hakukaa, hakunywa hata maji. Adventina aliona aibu ya kubaki kuwa kubwa kuliko aibu ya kuondoka. Akambeba Suzan, akakunja mkeka wake, akamfuata mama yake.

Siku kumi na moja zilipita. Wiston alikula ugali alioupika mwenyewe, na kama umewahi kula ugali wa fundi baiskeli utaelewa kwa nini siku ya kumi na mbili alitafuta rubisi, akampakia jogoo, akashika njia.

"Hodi hapa," alisema, akiiambia barabara aliyotokea.

"Karibu," alijibu Mzee Ndikuriyo, baba mkwe wake, kutoka kwenye kigoda. "Geuka tu. Mama yako yuko jikoni."

Wiston akageuka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Msemaji wako yuko wapi? Mtu haji kuombea mke kwa mdomo wake mwenyewe."

"Nilikuja na Novatus, baba. Amebaki pale kilabuni njia panda. Anasema anayapanga maneno."

"Basi atayapanga mpaka chungu kiishe." Mzee alilitazama dumu, kisha jogoo. "Na huyu?"

"Huyu ndiye mlalamikaji, baba. Nimeona asihukumiwe mtu bila yeye kuwepo."

Adventina alikuwa amekaa kizingitini anapukuchua maharage. Hakuinua uso, ila maganda yalianza kuanguka polepole zaidi.

Kutoka jikoni ikasikika sauti kavu. "Chungu, hebu muulize mtu huyo. Manyoya ya jogoo wangu yamekwenda wapi? Kama ameyauza, aseme. Kama amejaza mto wa kulalia, aseme pia."

"Chungu," alijibu Wiston, "mwambie mama yako yapo hapa kichwani."

Akavua kofia, akampa mzee. Mzee Ndikuriyo alichomoa ndoano moja, akailaza juu ya ukucha wa kidole gumba, akaisogeza machoni. Kijivu, wekundu pembeni, mikia mitatu. Akaipuliza ili iruke. Haikuruka. Akaipuliza tena.

"Mama Adventina," alisema taratibu, "huyu mtu ametengeneza mdudu."

"Mdudu haliwi," jiko likajibu. "Samaki analiwa. Chungu, mwambie hivi. Kama manyoya yangu kweli yanadanganya samaki, nataka kumla huyo samaki aliyedanganyika. Leo, kabla giza halijaingia. Akimleta, binti yangu atakunja mkeka wake. Asipomleta, binti yangu anakaa hapa mpaka shingo ya jogoo iote."

Adventina aliinua uso. "Mama, shingo inachukua miezi."

"Ndiyo maana nimetaja shingo."

Mzee alikohoa. "Na nani atashuhudia? Miguu yangu haiwezi kushuka ziwani. Binti ni mke wake. Akinunua samaki kwa watu wa nyavu tutajuaje?"

"Nitakwenda mwenyewe," likasema jiko. "Nitamshuhudia kwa masikio."

Wiston alipokuwa anafungua mwanzi wake aliokuja nao ubavuni mwa baiskeli, Adventina alipita karibu naye na ungo wa maganda. "Usinunue kwa watu wa nyavu," alimnong'oneza. "Nitajua." Akaenda hatua mbili, akarudi. "Na usikose."

Walishuka ziwani kwa mpangilio wa ajabu. Mama Genoveva alitangulia, ili mkwe aone mgongo tu. Alibeba kikapu cha kupokelea samaki, maana alikuwa mtu wa kujiandaa. Pale ukingoni kuna jiwe kubwa, bapa. Akakaa upande wa nchi kavu, uso ameuelekeza kilimani, akajitanda khanga. Wiston akasimama upande wa maji. Katikati yao jiwe.

Jua lilikuwa limebakiwa na kama kiganja kimoja kufika kwenye kilima. Upepo ulikuwa unakwaruza maji. Hakuna mdudu, hakuna samaki.

"Jiwe," alisema Mama Genoveva, "muulize anangoja nini."

"Jiwe, mwambie nangoja wageni wapande. Samaki hawali unyoya mpaka wamwone mdudu wa kweli kwanza."

"Na wageni hao wanapanda saa ngapi?"

"Upepo ukitulia, jiwe."

"Na upepo ukikataa?"

Wiston alikuwa anaiwaza shingo ya jogoo. Unyoya wa shingo, ukiuacha, unaanza kama sindano ya kijani, wiki mbili, tatu, kisha unafunguka. Aliona mbele yake miezi ya ugali wake mwenyewe. Aliona kitanda kikubwa mno, na kiti kidogo cha Suzan kikiwa hakina mtu.

"Jiwe," mama mkwe alisema baadaye, na sauti ilikuwa imelegea kidogo, "mwambie nilizaliwa ukingoni mwa maji. Baba yangu alikuwa anatega samaki kwa migono, ile mitego ya kusuka, kule mto Ruvubu. Nikiwa mtoto alinikalisha hivi hivi, nimeyapa maji mgongo, akaniambia nisikilize. Upepo umekwisha. Yeye anautazama, mimi nausikia."

Ilikuwa kweli. Maji yalikuwa yamelala. Na dakika chache baadaye, karibu na matete, kitu kidogo kikasimama juu ya maji na mabawa yake wima. Kikafuata kingine. Kisha, kama watu wanavyotoka kanisani, wakawa wengi, na hewa yote juu ya Kabingo ikajaa mabawa. Mmoja alitua kwenye khanga ya Mama Genoveva. Hakumfukuza.

Samaki wakaanza. Chubwi kulia, chubwi katikati, chubwi tena. Wiston akaurudisha mwanzi nyuma, uzi wa nta ukajikunja juu ya kichwa chake, akaurusha mbele. Unyoya ukatua palipokuwa na kishindo kikubwa zaidi. Kitu kikavuta, akainua, akatoa samaki mdogo wa kuenea kiganjani. Akamrudisha. Akarusha tena kwenye kishindo kingine. Mdogo vilevile. Mara ya tatu akakosa kabisa na ndoano ikanasa kwenye suruali yake.

"Jiwe," alisema mama mkwe, "mwambie anawafuata watoto. Anayepiga kelele mezani hana nyama mwilini. Asikilize yule anayekula kimya."

"Jiwe, kimya kinasikikaje?"

"Kama bibi anayefyonza uji. Yuko mmoja. Kwenye matete, mkono wangu wa kulia. Kwako ni kushoto."

Wiston akatega sikio. Hakusikia kitu. Akatega tena, akazuia pumzi, na kweli, chini ya matete yaliyoinama, fyo. Mdudu mmoja alikuwa juu ya maji, halafu hakuwepo, na mahali pake palikuwa na duara dogo tu, dogo kama kisoda. Baada ya muda, fyo.

Mwanga ulikuwa unaondoka. Akabadilisha ndoano, akachagua ile iliyofungwa kwa unyoya bora kuliko yote, wa katikati ya shingo, akaupaka nta kidogo kwa kidole. Akarusha. Ukapungukiwa hatua moja. Akaurudisha polepole. Akarusha mara ya pili, na unyoya ukashuka kama mkwe wa kweli, ukasimama juu ya vidole vyake, kiganja kimoja tu kutoka kwenye matete.

Fyo.

Mwanzi ulipinda mpaka ncha ikagusa maji. Kuyu yule hakuruka, alikwenda tu, kama lori lililokatika breki, kuelekea ndani ya matete. Wiston akamzuia, uzi ukalia. Akamgeuza. Samaki akazunguka, akaja karibu, akamwona Wiston, akaenda tena. Mara tatu hivyo. Wiston alikuwa ameshaingia majini hadi magotini, mikono yote miwili kwenye mwanzi, na mshipi mwembamba wa nailoni ulikuwa umebakiza uvumilivu kidogo sana.

"Jiwe," aliita, "mwambie mama kikapu. Siwezi kuachia mkono."

Mama Genoveva aliinuka. Kisha akapandisha kitenge, akakishika kikapu kwa mikono miwili nyuma ya mgongo wake, akaingia ziwani kinyumenyume, hatua kwa hatua, mwanamke wa miaka sitini na tisa, uso ameuelekeza kilimani kwa heshima zote.

"Jiwe, muulize niende kushoto au kulia."

Wiston alifungua mdomo kulijibu jiwe, akaona tatizo. Jiwe lilikuwa limebaki ukingoni. Majini hapakuwa na mlango, wala chungu, wala mtu wa tatu. Samaki alikuwa anakuja ubavuni, mdomo wazi, na unyoya umeshika kwenye ngozi nyembamba ya mdomo kama kifungo kinachotaka kukatika.

Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, mgongo ule ukasema, "Wiston, nakuuliza. Kushoto au kulia?"

"Kushoto, mama. Shusha kidogo. Hapo hapo. Inua."

Akainua. Kikapu kikawa kizito, maji yakaruka, na ndoano ikachomoka yenyewe wakati huohuo, kama iliyokuwa inangoja ruhusa. Kuyu alikuwa ndani, mrefu kama mkono kuanzia kiwiko, anametameta kama sufuria mpya ya shaba. Mama Genoveva alikizungusha kikapu mbele yake, akainama kumtazama. Akamtazama sana. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Wiston, aliyekuwa amesimama kidogo pembeni nyuma yake, alidhani analia, akatazama chini kwa adabu.

Chini kulikuwa na maji. Maji yalikuwa yametulia tena kama kioo na bado yalikuwa na mwanga wa mwisho wa mbingu. Ndani yake alimwona mwanamke anayecheka, na pengo kati ya meno mawili ya mbele, na jicho moja linalojifunga kuliko lingine kicheko kinapozidi. Ulikuwa uso wa Adventina, umeongezwa miaka arobaini. Na jicho lile lililo wazi lilikuwa linamtazama yeye.

Mama Genoveva akatoka majini, akatangulia njiani na kikapu kichwani.

Nyumbani, Mzee Ndikuriyo alimpima samaki kwa mkono, akaridhika. Akauliza kama inavyopaswa, "Na heshima imelindwa?"

"Nimelowa mgongoni tu," lilijibu jiko. "Chungu, mwambie mkwe kesho kutwa arudi ale kichwa cha samaki wake. Na shingo ya jogoo aiache sasa, ipumzike."

Adventina alikwisha kukunja mkeka. Alimfunga Suzan mgongoni, akaufunga mkeka kwenye keria mahali palipokuwa na dumu, wakaanza kupanda kilima, Wiston anaisukuma baiskeli, jogoo kikapuni. Walipofika kwenye mgomba wa mwisho wa baba yake, Adventina akasimama.

"Nakuuliza kitu, unijibu kweli. Ulimwona mama?"

Wiston aliendelea kusukuma hatua mbili, tatu. Akisema ndiyo, heshima imevunjika. Kutatakiwa kondoo wa kuiunga, na mkeka ule utafunguliwa kwenye keria papo hapo, urudi ulikotoka, mpaka Novatus amalize kupanga maneno. Akisema hapana, atakuwa amemdanganya mke wake dakika kumi baada ya kumpata, na isitoshe, yule mwanamke wa majini alimwona akimwona, naye alinyamaza.

Adventina bado amesimama pale chini ya mgomba, anangoja. Nawe umesikia yote. Mtu akiona uso wa mwenzake majini tu, je, amemwona?